Mzee wangu anatimiza miaka 70, alikuwa TAZARA. Nataka kumtengenezea keki ya treni nyumbani, naombeni mawazo

#1 Binti wa Mlimba

Wakuu, habari za jioni.

Moja kwa moja kwenye mada. Jumamosi ijayo mzee wangu anatimiza miaka 70. Aliingia TAZARA, ile reli ya Tanzania na Zambia, kijana mbichi, reli yenyewe bado inanukia upya, akatoka mstaafu. Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kipande cha Mlimba hadi Makambako, na sisi watoto tumekulia Mlimba. Kila mwaka tunamnunulia keki ya dukani, nyeupe, ina jina lake na maua pembeni. Anaitazama, anasema ahsanteni wanangu, anarudi kwenye taarifa ya habari. Safari hii nataka kitu kitakachomuinua kwenye kiti.

Keki za kawaida za nyumbani napika, watu wanakula wanaongeza. Kupamba ndiyo sijabobea. Nina oveni ndogo ya umeme, ile ya mezani, na mashine ya mkono ya kupigia mayai. Wazo langu ni kichwa cha treni kinatoka kwenye handaki, mlima wa chokoleti kwa nyuma, maana kule kwetu mahandaki na madaraja ndiyo sifa ya njia. Vinavyonitisha ni viwili: joto hili la Dar la Februari, na hicho kichwa chenyewe. Nimekichora kwenye karatasi kikatoka kama kiatu.

Wenye uzoefu karibuni. Sherehe ni nyumbani Tabata, watu kama arobaini, na hakuna AC.

#2 Kijiko cha Mbao

Nimevuta kigoda. Sina ushauri, nimefuata picha tu.

#3 Sufuria Nzito

Dada, hongera kwa wazo. Tuanze na keki yenyewe kabla ya urembo, maana wengi wanakosea hapo. Keki ya kuchonga haiwi ile laini ya kupumua kama sifongo. Ukiipitishia kisu inamwagika makombo, ukiipandishia nyingine juu inabonyea. Unataka keki nzito kidogo ya mtindo wa zamani, vitu vinne vikiwa sawa kwa mizani: unga gramu 500, sukari gramu 500, siagi au majarini gramu 500, mayai gramu 500 bila maganda. Mayai ya kisasa ni kama kumi. Ya kienyeji usihesabu, pima, maana ni madogo na yanatofautiana. Bekin pauda vijiko vitatu vya chai vya kusawazisha, chumvi kidogo kama majarini yako haina.

Sukari na siagi piga mpaka rangi ipauke kabisa, usione uvivu hapo. Mayai yaingie moja moja, na yasitoke kwenye friji muda huo huo. Mchanganyiko ukianza kukatika kama maziwa yaliyoganda, tia kijiko cha unga uendelee. Unga wote ukishaingia, weka mashine pembeni, malizia na mwiko.

Oveni nyuzi 160, trei mbili za mkate zile ndefu, saa moja na kidogo. Oveni ndogo za mezani zina tabia ya kuunguza juu kwa sababu waya uko karibu. Juu ikishapata rangi, funika na foili. Ipike Alhamisi, ilale imefungwa vizuri, Ijumaa ichonge ikiwa imetoka kwenye friji. Keki ya moto haichongwi.

#4 Kijana wa Kurasini

Si uagize tu kwa mafundi wa keki? Wapo kila mtaa siku hizi, wanakuchorea mpaka uso wa mzee.

#5 Mkaa wa Tanga

Kurasini, umesoma kichwa cha uzi au umerukia tu? Kasema nyumbani.

Dada, usitegemee umeme peke yake. Sisi wengine oveni ni sufuria na tunaoka vizuri tu. Chukua sufuria kubwa nzito, mwagia mchanga mkavu safi kina cha vidole viwili, weka sahani ya bati juu ya mchanga, funika, pasha robo saa. Ingiza trei yako, funika tena, kisha palia makaa juu ya mfuniko. Siri ni moja: chini makaa machache, juu mengi. Watu wanaweka moto wa kupikia maharage chini halafu wanalalamika keki imeungua kitako na tumbo ni bichi. Usifunue nusu saa ya mwanzo hata kama harufu inakuita.

#6 Mzee wa Reli

Binti, salamu kwa mzee. Reli hiyo naifahamu vizuri. Ujenzi ulianza 1970, vyuma vikakutana 1975, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka New Kapiri Mposhi, Zambia. Hicho kipande cha Mlimba hadi Makambako ndicho kilichowatoa jasho wajenzi kuliko vyote, kinapanda kutoka bonde la Kilombero mpaka nyanda za juu.

Swali kabla hujachonga chochote. Mzee alikuwa dereva?

#7 Binti wa Mlimba

Shikamoo Mzee wa Reli. Hapana, hakuwa dereva. Alikuwa gadi. Tukiwa wadogo tulikuwa tunamsubiri pale stesheni na mara nyingi alikuja na ndizi au mchele, akitokea juu alikuja na viazi.

#8 Mzee wa Reli

Marahaba. Kumbe nimeuliza vizuri.

Binti, gadi hakai kwenye kichwa cha treni. Gadi anakaa nyuma. Ukimpelekea keki ya kichwa cha treni umempelekea picha ya ofisi ya mwenzake. Atashukuru, wazee wana adabu, lakini moyoni atajua.

Gadi ndiye mwenye treni. Dereva haondoki mpaka gadi atoe ishara, bendera ya kijani mchana, taa ya kijani usiku, na filimbi. Na behewa la mwisho ndilo linalobeba taa nyekundu ya mkia. Stesheni masta anasimama pale treni ikipita, haangalii kichwa, anatafuta taa ya mkia. Akiiona anajua treni imepita nzima, hakuna behewa lililokatika likabaki njiani. Asipoiona, hairuhusiwi treni nyingine kufuata. Kwa hiyo tengeneza behewa la nyuma, na hiyo taa usiisahau.

#9 Sufuria Nzito

Mzee umetisha. Na umemrahisishia kazi kwa asilimia mia! Dada, behewa ni nini? Ni sanduku. Keki mbili za trei ya mkate ukizipandisha moja juu ya nyingine tayari una behewa, kisu unakitumia kunyoosha tu. Zile kona za mviringo za kichwa cha treni zilikuwa zikutoe machozi.

Fanya hivi. Kila keki kata mgongo ulioumuka uwe bapa. Pandisha kitako cha moja kiangalie juu, kitako ndiko kumenyooka kuliko kote, kitakuwa paa. Katikati paka krimu nyembamba, usiweke nene, itateleza kwenye joto. Utapata urefu kama sentimeta 25, upana 12, kimo kinakaribia hapo hapo.

Kwa watu arobaini haitoshi, na usijaribu kuifanya kubwa. Pika trei moja ya kawaida isiyopambwa, ikae jikoni, inakatwa kule inakuja kwenye sahani. Behewa ni la mzee kukata mbele za watu.

#10 Bibi Hiliki

Mwanangu Binti wa Mlimba, mie niko Unguja, naona nyote mwazungumza sura ya keki, hamna aliyeuliza mzee anapenda ladha gani. Mtu wa miaka sabini hapendi kitu kitamu mpaka meno yakaingia ganzi. Tia hiliki, iwe umeitwanga siku hiyo hiyo, si ya pakiti iliyokaa mwaka. Kijiko kimoja cha chai kilichojaa kwa kipimo hicho cha nusu kilo. Ukipenda na ganda la ndimu lililokwaruzwa juu juu, usifike kwenye weupe, unaleta uchungu. Sukari kwenye keki punguza mpaka gramu 400, haitaharibika, krimu itafidia.

Na ikiwa wageni wako wamo Waislamu, hiyo fondanti mtakayotaja, lile donge la sukari la kupambia, angalia jelatini yake imetokana na nini. Ipo ya ng'ombe yenye alama ya halali. Isiyoandikwa kitu iache dukani.

#11 Njombe Baridi

Huku kwetu hamna habari ya krimu kuyeyuka, siagi inakataa kulainika mpaka uiweke karibu na jiko. Kwa wanaosoma uzi huu wakiwa nyanda za juu: kipimo cha bekin pauda cha pwani kipunguze kama robo. Hewa ya juu ni nyepesi, keki inaumuka haraka kabla haijashika, halafu inazama katikati. Nilishangaa sana nilipohamia huku.

#12 Sina Presha

Naomba kuuliza, mzee hana kisukari? Umri huo tuangalie.

#13 Binti wa Mlimba

Sina Presha, ahsante kwa kuuliza. Sukari yake iko sawa, amepimwa, ana presha tu, jina lako linafanana na tatizo lake. Bibi Hiliki shikamoo, hiliki nimeichukua, na jelatini nimekuelewa, mashemeji wote ni Waislamu.

Mzee wa Reli, nimekaa nikacheka peke yangu. Ni kweli. Mama alipoona mchoro wa kwanza aliniuliza "huyu ni baba yako au nani?" nikadhani anautania mchoro.

Basi ni behewa. Sasa joto. Nipake nini kisichomwagika?

#14 Mama wa Nyali

Hamjambo, mimi niko Mombasa, na joto lenu la Dar silo geni kwetu. Krimu ya siagi tupu haifai kwa shughuli ya mchana bila AC. Siagi inaanza kuyeyuka nyuzi thelathini na kidogo, na sebule yenye watu arobaini inafika hapo bila shida. Mimi hutumia nusu siagi, nusu yale mafuta meupe ya mgando ya kupikia. Gramu 250 kwa 250, na sukari ya aisingi, ile laini kama unga, kilo moja iliyochekechwa. Maziwa usitie ila kijiko kimoja kimoja ukiona ni ngumu. Inasimama.

#15 Sufuria Nzito

Mama wa Nyali, kwa heshima zote, mafuta ya mgando yanaganda kwenye kaakaa. Unakula keki unahisi umelamba sufuria ya chapati. Mimi ningepaka chokoleti iliyoyeyushwa na krimu ya maziwa, chokoleti mbili kwa krimu moja, na kwa joto letu hata tatu kwa moja. Ikishaganda ni ngumu kama ukuta.

#16 Mama wa Nyali

Na bei yake je? Chokoleti ya kweli ya kupaka behewa zima si mchezo, na ile ya bei nafuu ni mafuta yale yale unayoyakataa, yamepakwa kakao tu. Mafuta ya mgando yakipigwa dakika kumi na vanila na chumvi chembe, mgeni hajui. Nimelisha harusi.

#17 Sufuria Nzito

Harusini watu wana njaa, mama.

#18 Mama wa Nyali

😂😂 Haya. Mwachie mwenye keki achague.

#19 Mkaa wa Tanga

Ugomvi mtamu huu. Mimi nachangia kitu kimoja: mkichagua krimu, ukuta wa behewa usihangaike kuulainisha kama keki ya harusi. Mabehewa ya mizigo yana mbavu za chuma zilizosimama wima. Paka krimu, kisha chukua uma au kitana kipya kabisa ukivute kutoka juu kwenda chini. Mistari inajitokeza yenyewe na makosa yote yanafichwa humo.

#20 Binti wa Mlimba

Wazo la uma nimelipenda. Nitatumia krimu ya nusu kwa nusu kama alivyosema Mama wa Nyali, chokoleti bajeti haisomi. Fondanti nitumie kwa mlango, taa na bendera tu, sitafunika keki nzima. Nimeona mahali wanapika wenyewe, kuna mwenye kipimo cha uhakika? Na rangi nizipateje? Nina picha yake amesimama mlangoni mwa behewa ila ni nyeusi na nyeupe.

#21 Sufuria Nzito

Kwa kazi ndogo kama hiyo nunua ya tayari, Kariakoo maduka ya vifaa vya keki wanakupimia. Ukitaka kupika: maji mililita 60, nyunyizia jelatini kijiko kimoja cha chakula, iache inywe, kisha iyeyushe juu ya maji ya moto bila kuchemka. Tia glukosi nzito mililita 120, gliserini kijiko kimoja cha chakula, mafuta ya mgando vijiko viwili (Mama wa Nyali asifurahi sana). Mimina kwenye sukari ya aisingi kama gramu 900, kanda kama donge la chapati, funga kwenye nailoni ilale usiku. Utabakiwa nayo nyingi, inakaa wiki kadhaa ikifungwa vizuri isiguswe na hewa.

Adui wa fondanti kwetu pwani ni unyevu kuliko hata joto. Ukiitoa kwenye friji inatoa jasho, rangi zinatiririka. Vipande vyako vitengeneze siku mbili kabla, vikae mezani chini ya feni mpaka vigumu, vibandike siku hiyo. Hiyo bendera ikitengenezwa asubuhi ya sherehe italala kama kitambaa cha jikoni.

Kuhusu rangi: tumia rangi nzito za mgando, zile za maji zinalainisha krimu. Nyekundu ina uchungu ukiilazimisha iive, tengeneza ya wastani usiku uliotangulia, inajikoleza yenyewe ikilala. Nyeusi anza na kakao, ikishakuwa kahawia iliyokolea ndipo utie nyeusi kidogo, la sivyo wageni wataondoka na meno ya mkaa. Na ule unga unaometameta, soma kopo. Kama umeandikwa hauna sumu tu bila kusema ni wa kuliwa, ni wa kupambia, si wa tumboni.

#22 Bibi Hiliki

Rangi muulize mama yako. Yeye ndiye alokuwa akiifua ile yunifomu.

#23 Mzee wa Reli

Bibi kasema. Usiniulize mimi, mabehewa yamepakwa upya mara nyingi na kila mstaafu anaapa kwa rangi ya enzi zake.

Ila mataruma, yale yanayolazwa chini ya vyuma vya reli, nisikilize. Nimeona watu wanatengeneza reli kwa biskuti za chokoleti, za kahawia, wakifikiria mbao. TAZARA imelala juu ya mataruma ya zege. Yafanye ya kijivu au ya rangi ya vanila. Mzee wako atayaona kabla hajaona behewa. Na vyuma usiviachanishe sana. Njia ile ni milimita 1,067 na behewa ni pana zaidi ya mara mbili ya hapo. Kwa keki yako ya sentimeta 12, vyuma viachane kama sentimeta nne na nusu.

#24 Kijana wa Kurasini

Mzee wa Reli, ni keki au mradi wa serikali?

#25 Mzee wa Reli

Kijana, reli ya kati ya zamani ni mita moja kamili, ya TAZARA ni 1,067. Kwa tofauti hiyo ya vidole vinne mizigo ilibidi ihamishwe Kidatu kutoka treni moja kwenda nyingine. Vipimo ndivyo kazi yenyewe.

#26 Njombe Baridi

Ndani ya behewa weka viazi! Alisema mzee alikuwa anakuja na viazi kutoka juu, si ndio huku kwetu. Mlango uwe wazi nusu, gunia moja linachungulia, na mkungu wa ndizi pembeni. Fondanti ya njano ukiiviringisha vipande vidogo vyembamba unapata chane ya ndizi kwa dakika tano, ncha unazigusa na kakao.

#27 Binti wa Mlimba

Njombe Baridi, hiyo imeingia. Mama naye kathibitisha rangi: kahawia nyekundu, kama matofali, na akaongeza bila kuulizwa kwamba koti la kazi lilikuwa halitakati hata kwa majivu. Nipeni siku chache.

#28 Kijiko cha Mbao

Bado niko kwenye kigoda.

#29 Binti wa Mlimba

MREJESHO

Wakuu, nimelala, nimeamka, sasa naandika kwa utulivu.

Keki ya kwanza imetoka oveni vizuri. Nilipotaka kuingiza ya pili umeme ukaenda na haukuonyesha dalili ya kurudi, wakati mchanganyiko wenye bekin pauda hausubiri mtu. Nikakimbilia sufuria ya mchanga ya Mkaa wa Tanga, trei ikaingia kwa shida lakini ikaingia. Jirani akanipa makaa yaliyokwisha kuwaka kwenye jiko lake la maandazi. Niwaambie ukweli, ile ya mkaa ndiyo iliyoumuka sawasawa, ya oveni ilikuwa na kichuguu upande mmoja. Ya mkaa nikaiweka juu.

Ijumaa usiku nimechonga, nimepaka krimu nyembamba ya kwanza ya kushika makombo, friji nusu saa, kisha krimu nzito. Uma nimevuta, dah! Ukuta umetoka kama bati kweli. Rangi ya matofali nimeipata kwa kakao na nyekundu kidogo, haikuwa chungu. Mataruma ni biskuti za vanila zile ndefu nimezikata katikati, vyuma ni fondanti ya kijivu, kokoto ni biskuti nilizosaga na kuchanganya na ufuta mweusi. Vijiti viwili vya mishikaki ndani kuzuia ya juu isiteleze kutoka Tabata jikoni mpaka Tabata sebuleni, na nimemwambia kila aliyeshika kisu viko wapi.

Taa ya mkia ni pipi nyekundu ngumu, imewekwa mwisho kabisa kwa sababu pipi nayo inalia kwenye unyevu. Bendera ya kijani nimeitegemeza mlangoni, ina mkunjo mmoja kama imepigwa na upepo, ilikauka hivyo kwenye mgongo wa kijiko.

Keki ilikaa mezani chini ya feni kutoka saa nane mpaka saa kumi na nusu. Kona moja ya paa ililegea kidogo, mwingine yeyote hakuona. Mama wa Nyali, chukua nishani yako. Hakuna aliyetaja sufuria ya chapati.

Mzee aliletwa akiwa hajui. Kwanza hakuangalia behewa, akainama kuangalia chini. "Mataruma ya zege," akasema. Mzee wa Reli popote ulipo, nilipiga kelele. Halafu akazunguka meza mpaka nyuma, akaiona taa, akanyamaza kidogo, akauliza nani kamfundisha huyu. Nikamwambia watu wa mtandaoni. Akasema hao si watu wa mtandaoni, hao ni watu wa reli.

Kisha ikaja lawama. Behewa halina namba. Behewa gani linatoka stesheni bila namba? Nilikuwa nimebakiwa na krimu nyeupe kwenye mfuko wa kupambia, akauomba, nikamwonyesha kubana kwa juu, akaandika mwenyewe ubavuni tarakimu nane. Mama anasema ni namba yake ya kazini, mjomba anabisha kwamba ile ilikuwa na tarakimu chache zaidi, na mwenyewe kagoma kusema. Wamebishana mpaka wageni wa mwisho wanaondoka.

Kukata alikata kuanzia mbele. Upande wa taa aliuzuia kwa mkono, umelala kwenye friji lake mpaka sasa hivi.

Picha zipo tatu, nazipandisha jioni nikipata bando.

#30 Mzee wa Reli

Nimesoma mara mbili. Mwambie mzee kuna mwenzake anamsalimia. Tarakimu nane ni nyingi, mjomba ana hoja.

#31 Bibi Hiliki

MashaAllah mwanangu. Hiliki ilisikika?

#32 Binti wa Mlimba

Ilisikika mpaka getini, bibi. Ile trei ya jikoni ndiyo iliyoisha kwanza, watu waliogopa kuomba kipande cha behewa.

#33 Sufuria Nzito

Safi sana dada. Hicho kipande cha taa kitoe kwenye friji mapema. Krimu inanyonya harufu ya samaki na vitunguu, na pipi itakuwa imeshaanza kuyeyuka. Kiweke kwenye kopo lenye mfuniko au kigandishwe kabisa kwenye friza.

#34 Binti wa Mlimba

Nimemwambia. Kasema friji ni lake.

#35 Kijana wa Kurasini

Naomba niulize bila kupigwa mawe. Mama yangu alikuwa anauza vitumbua feri, mwezi wa tano ana siku yake. Sina oveni, sina mashine. Sukari ya aisingi naweza kusaga mwenyewe kwenye blenda?

#36 Mkaa wa Tanga

Kurasini karibu, leo umekuja na hoja. Unaweza. Saga sukari kavu kabisa kidogo kidogo, changanya na wanga wa mahindi kijiko kimoja cha chakula kwa kila kikombe, chekecha kwa kitambaa chepesi. Kwa kupaka inafaa. Kwa kuandika kwa mfuko wa kupambia itakuziba pua ya mfuko, hiyo nunua pakiti moja tu. Mambo ya sufuria ya mchanga nimeyaeleza juu hapo namba 5, soma kwanza, kisha uje na maswali.

#37 Mama wa Nyali

Na kikaango cha vitumbua alichotumia bado kipo? Piga picha ulete.